Jibu: Je, Wamaori waliwahi kudai ardhi bila bunduki?

Ndugu, umeuliza kama Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walipinga wakoloni kwa vita tu. Hapana. Tafuta habari za Parihaka, kijiji cha eneo la Taranaki huko Nyuzilandi. Serikali ilikuwa imenyakua ardhi ya Taranaki tangu 1865, na wapimaji walipokuja kuikata viwanja, viongozi Te Whiti o Rongomai na Tohu Kākahi wakatuma watu na plau. Kuanzia Mei 1879 walilima mashamba ya walowezi, yaani ardhi ya Wamaori wenyewe! Wakikamatwa hawapigani, wanakuja wengine kushika plau. Mamia walifungwa bila kesi kusikilizwa, mbali kabisa, Kisiwa cha Kusini cha nchi hiyo.

Kinachonigusa zaidi ni tarehe 5 Novemba 1881. Askari wapatao 1,600 walifika na mzinga, waziri John Bryce akiwa juu ya farasi, wakapokewa na watoto wanaoimba na kucheza njiani, na mikate iliyookwa kwa ajili yao. Kijiji kilibomolewa hata hivyo, watu wakafukuzwa, viongozi wakazuiliwa hadi 1883. Serikali iliomba radhi Parihaka mwaka 2017.