Miti imekatwa, watu nao wamehama

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mtaani kwetu wamepanua barabara wakakata miti yote ya upande mmoja, na tangu hapo ule upande umepoa kabisa, kijiwe kimehama, fundi viatu kahama, wenye maduka wanalalamika. Mume wangu anasema ni uchumi tu. Hivi kivuli kinaweza kubadilisha mtaa kiasi hicho?

JIBU: Kinaweza dada, tena sana. Nenda kituo chochote cha basi kisicho na mti saa nane mchana, utakuta abiria wamejipanga mstari mwembamba kwenye kivuli cha nguzo ya taa, kikisogea nao wanasogea, na hakuna aliyewapanga.

Joto la barabarani sio la hewa peke yake, jua linakupiga moja kwa moja halafu lami na kuta nazo zinakurudishia lile zililomeza toka asubuhi. Mti unakukinga na yote mawili, maana hata lami iliyo chini yake haichemki, inaweza kuzidiwa joto na ile ya juani kwa nyuzi 11 mpaka 25. Na msidanganywe na banda la bati, bati linachemka lenyewe linawashushia joto kichwani wakati majani yanatoa maji yanajipoza. Kule Medellín, Kolombia, walianza mwaka 2016 kupanda miti kando ya barabara na joto likashuka kama nyuzi 2 hivi.

Sasa maduka: mtu akiwa juani anakaza mwendo haangalii pembeni, akiingia kivulini ndo anapunguza, anasalimia, anakumbuka na sabuni imeisha nyumbani. Ila shemeji tusimpuuze, waulizeni wenye maduka biashara imeshuka saa ngapi. Kama asubuhi na jioni wateja wapo ila mchana ndo hakuna mtu, hilo ni jua, kama ni kutwa nzima basi shemeji ana hoja.

Mkienda kudai miti msikubali ile mitende ya mapambo, inapendeza kwenye picha lakini kivuli chake utakitafuta kwa tochi. Ombeni mti wa matawi mapana, upandwe magharibi ya njia ya miguu ili uzibe jua la alasiri, na mkubaliane mapema nani atamwagilia ile miaka miwili mitatu ya mwanzo, maana hapo ndo miche mingi inapofia.