Uliza Nesi wa Macho: Asali ailambe, jichoni asiitie

*Shikamoo nesi. Baba yangu ana miaka 63, tunakaa Makorora hapa Tanga. Mwaka jana aliambiwa hospitali ana presha ya macho, akapewa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Ameitia miezi michache akaacha. Anasema inamchoma na haoni tofauti yoyote. Sasa kuna mtu Ngamiani anamuuzia unga wa mlonge na kichupa cha asali iliyochanganywa na maji ya kitunguu, atie jichoni usiku. Nikimkataza ananiambia asali imo ndani ya Kurani, haiwezi kudhuru. Je, ipo dawa ya asili inayotibu presha ya macho? – Binti wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Hicho kichupa kitoke nyumbani leo. Baba usimvunjie heshima, mwambie tu kwamba aya anayoitaja, ile ya Sura An-Nahl, imezungumzia kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki. Kinywaji. Basi na ainywe. Ikipita kooni sina neno nayo, labda awe na kisukari.

Jichoni ni habari nyingine. Asali na kitunguu vilivyochanganywa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba vina vijidudu, na kitunguu kinachoma. Kioo cha mbele cha jicho kikipata kidonda hupona kwa kovu jeupe, na kovu hilo halifutiki. Nimefanya kazi chumba cha macho hadi nastaafu, na watu wametuletea macho yaliyotiwa maji ya majani, sukari, maziwa ya mama, hata mkojo wa ng'ombe. Wengine walikuja na ugonjwa mmoja wakaondoka na miwili.

Sasa hilo la "haoni tofauti". Hapo baba yako anasema kweli, na sidhani kama kuna mtu alikaa akamweleza. Foleni ya kliniki unaijua. Ndani ya jicho mna maji, mbali na haya ya machozi. Yanatengenezwa mchana na usiku na yana njia yao nyembamba ya kutokea. Njia ikiziba kidogo, presha ya ndani inapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia uoni wa pembeni. Ndiyo glakoma hiyo. Kilichokufa hakirudi, kwa matone wala kwa mlonge. Dawa haikuletwa imuongezee kuona. Imeletwa ilinde kilichobaki, kwa hiyo hata ikifanya kazi vizuri kabisa hatahisi chochote. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na utafiti mmoja mkubwa wa Uswidi ulionyesha kwamba kila milimita moja inayoshushwa inapunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa karibu asilimia 10. Muulize baba kama anakijua kipimo chake. Wengi wanajua presha ya damu, ya macho hawaijui.

Mlonge ale kama mboga, mtamu ukiungwa kwa nazi. Ila asilipie unga huo kwa ahadi ya kushusha presha ya jicho, kwa sababu hakuna ushahidi kwa binadamu unaobeba ahadi hiyo. Mboga za majani kwa jumla zina hoja yenye nguvu zaidi. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya zaidi ya 100,000 kwa miaka mingi, na waliokula majani kwa wingi walipata ugonjwa huu pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko waliokula kidogo. Angalia lakini: hiyo ni habari ya kuupata, si ya kuuponya. Mchicha, matembele, kisamvu, mchunga, vyote vinauzwa sokoni kwa bei ya kawaida, havihitaji mtu wa kichupa.

Kutembea kwa mwendo wa haraka kunashusha presha ya jicho kidogo. Aende hadi Raskazone jioni, apate na upepo. Kuhusu baiskeli nasita. Najua mzee wa Tanga na baiskeli yake hawatenganishwi, lakini kama uoni wa pembeni umepungua, bodaboda inayotoka barabara za Ngamiani hataiona mpaka iko juu yake. Apimwe kwanza uwanja wa kuona, yaani pembeni anaona hadi wapi. Kahawa ya kijiweni kikombe kimoja si tatizo, vikifuatana vinne presha ya jicho inapanda kwa muda. Maji anywe kwa kiasi siku nzima, asigugumie lita nzima kwa mara moja, maana hiyo ndiyo njia madaktari wenyewe waliyotumia kupandisha presha ya jicho makusudi wakati wa kupima. Usiku alaze kichwa juu kidogo, kwa kuinua kitanda upande wa kichwani.

Haya yote yakae *pamoja* na matone. Yakichukua nafasi ya matone, baba atapofuka huku anakula vizuri.

Na kama matone yanamchoma, aseme, yako ya aina nyingi. Aseme pia kama ana pumu au moyo unaopiga polepole, kwa kuwa timolo, ambayo hutolewa sana, haimfai mtu wa namna hiyo. Atie tone moja, afumbe jicho, abonyeze pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili hivi. Hapo dawa inabaki jichoni badala ya kushukia kooni na kifuani. Akishindwa kabisa na matone, aulize kuhusu leza, miale ya mwanga inayosaidia maji ya jicho kutoka. Hospitali ya KCMC kule Moshi walilinganisha leza na matone ya timolo kwa wagonjwa wa hapahapa Tanzania, matokeo yakatoka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Basi la Moshi linapita Korogwe kila siku.

Na wewe, binti, na ndugu zako wa tumbo moja: mkapimwe. Ugonjwa huu unarithiwa kwenye ukoo, na sisi Waafrika unatuandama zaidi. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mwambieni daktari apime presha ya macho na aangalie ule mshipa wa fahamu.

*Mimi napiga tarumbeta na zumari harusini. Nimeambiwa nina glakoma. Kweli kupuliza kunaharibu macho? – Mpulizaji, Pongwe*

Kweli kwa sehemu. Ukipuliza chombo kinachokaza pumzi, presha ya jicho inapanda unapopuliza na kushuka ukiacha. Zumari, kwa kile kimwanzi chake chembamba, ni kali kweli. Sikwambii uache kazi inayokulisha. Mweleze daktari unachofanya na kwa saa ngapi, ili akulenge presha ya chini zaidi, na pokezaneni na wenzio. Kunyanyua gunia huku umebana pumzi ni hivyo hivyo. Sijda, ingawa inainamisha kichwa, haikatazwi.

*Ramadhani huwa naacha matone mchana nisifungue. Nafanya sawa? – Mfungaji, Pangani*

Hapana. Wanazuoni wa Kishafii wanasema tone la jichoni halifunguzi, na baraza la fiqhi la kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua hivyo pia. Bado una shaka? Dawa ya mara mbili itie wakati wa daku na wa futari, mwezi wote, bila kuruka. Na magribi usianze kwa kugugumia jagi zima.

*Bangi inashusha presha ya macho, siyo nesi? – Kijana wa Chuda*

Nilijua swali hili litakuja. Inashusha, na imejulikana tangu 1971. Inadumu saa tatu au nne tu, kwa hiyo ungevuta mchana na usiku, ukiamka usingizini kuvuta. Inashusha na presha ya damu, mshipa wa fahamu wa jicho ukakosa damu. Bado polisi sijawataja.

*Napaka krimu ya kung'arisha uso kwa miaka sasa. Macho yameanza kuona ukungu. Je, vinahusiana? – Bi. S., Chumbageni*

Vinaweza kuhusiana, mama, na barua yako ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Krimu nyingi za mkorogo zina steroidi kali, aina ya dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi ikipakwa karibu na macho muda mrefu inapandisha presha ndani ya jicho na pia inaleta mtoto wa jicho. Vilevile yale matone ya kuondoa muwasho yanayouzwa duka la dawa bila cheti, baadhi yana steroidi. Acha kupaka karibu na macho leo. Kuiacha kabisa ghafla nako kunaweza kuwasha ngozi vibaya, hivyo daktari akuongoze. Wiki hii hii nenda kliniki ya macho, na tyubu ya krimu uiweke mkobani, waisome wenyewe.