Kura yangu ni ya mpiga zumari wa Varanasi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: kati ya watu waliowahi kutunukiwa nishani ya juu kabisa ya raia katika nchi yoyote, ni nani aliyeistahili kuliko wenzake, na alifanya nini? Natabiri wengi watamtaja Nelson Mandela au Mama Teresa, na sina ugomvi nao. Wote wawili wamo katika orodha ninayotaka kuizungumzia, ya Bharat Ratna ya India. Mama Teresa aliipata 1980. Mandela aliipata 1990, mwaka ule ule aliotoka gerezani, miaka minne kabla hajawa rais. Lakini kura yangu naipeleka kwa Ustad Bismillah Khan, mpiga shehnai wa mji wa Varanasi, aliyetunukiwa 2001.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu shehnai. Ni zumari. Mrija wa mti wenye matundu, mwisho wake umepanuka na umevikwa madini, na juu pana kitete kinachotetemeka midomoni mwa mpigaji. Mpigaji hodari hupuliza huku akivuta pumzi kwa pua, mashavu yamejaa, sauti isikatike. Na kazi ya ala hiyo huko ni kama ya huku kwetu: arusi, misafara ya sherehe, malango ya majumba ya wafalme. Chakacha ya Mombasa ina ngoma zake, vumi na chapuo, lakini haikolei mpaka nzumari ilie. Hata wazee waliposema kwamba zumari ikilia Unguja watu hucheza mpaka Maziwa Makuu, hawakuitaja ala hiyo bure. Sauti yake haizuiliwi na ukuta.

Mpigaji mwenyewe, je? Mjomba wake mama yangu alikuwa mpiga nzumari. Arusi haikufana bila yeye. Alilipwa ujira wake na alilishwa pilau akashiba, ila alilishwa uani, pamoja na vijana wa kubeba masufuria. Watu walisema "mwiteni yule wa nzumari", na wengi hawakujua jina lake. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Ndivyo watu walivyozoea. Namtaja kwa sababu hapo ndipo ninapoanzia ninapoipima nishani ya Bismillah Khan.

Bharat Ratna ilianzishwa mwezi Januari 1954. Ni jani la mti wa peepal lililotengenezwa kwa shaba, upande mmoja limechorwa jua, na chini yake yameandikwa maneno Bharat Ratna, yaani Johari ya India, kwa Devanagari, hati inayoandikiwa Kihindi. Haiji na pesa. Haiji na cheo pia, kwa kuwa Ibara ya 18 ya Katiba ya India inaikataza serikali kugawa vyeo, na aliyetunukiwa haruhusiwi kuitanguliza nishani mbele ya jina lake. Hadi 2024, yaani katika miaka 70, ilikuwa imetolewa kwa watu 53 tu. Watatu wa mwanzo walikuwa Rajagopalachari, mwanasiasa wa harakati za uhuru, Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuja kuwa rais, na C. V. Raman, mwanafizikia aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa utafiti wake wa jinsi mwanga unavyotawanyika.

Tangu mwanzo, orodha hiyo imewapendelea wenye madaraka. Jawaharlal Nehru aliipata 1955 na binti yake Indira Gandhi 1971, kila mmoja akiwa bado waziri mkuu. Mwaka 1977 serikali ya Morarji Desai ilizifuta nishani zote za aina hii. Indira aliporudi madarakani 1980 zikafufuliwa, na mwaka 1991 Desai mwenyewe akatunukiwa ile ile aliyoifuta. Wengine wamepewa wakiwa wamekwisha kufa miaka mingi: Sardar Patel alifariki 1950, nishani ikatolewa 1991, Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa Katiba yenyewe, alifariki 1956 na kupewa 1990. Wanawake katika wote 53 ni watano.

Siwadharau viongozi hao. Patel na Ambedkar waliijenga nchi. Ninachouliza ni kwamba nishani isiyo na pesa wala cheo inamwongezea nini mtu ambaye tayari viwanja vya ndege na barabara zinaitwa kwa jina lake? Kwa mtu kama huyo ni pambo juu ya mapambo. Nguvu yake huonekana inapompata mtu ambaye jamii ilimpenda kwa kazi yake na bado ikamweka uani.

Bismillah Khan alizaliwa Machi 21, 1916 huko Dumraon, Bihar, katika ukoo wa wapiga muziki wa jumba la mtawala wa hapo. Jina alilopewa mwanzo lilikuwa Qamaruddin. Angali mdogo alipelekwa Varanasi kwa mjomba wake, Ali Bux, aliyekuwa mpiga shehnai wa hekalu la Vishwanath. Mtoto akajifunza kwa mjomba, akifanya mazoezi katika hekalu la Balaji kando ya mto Ganga, saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Naomba tukae kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana wengi humsifu bila kusema alifanya nini hasa. Muziki wa kale wa India ya kaskazini hujengwa juu ya raga, yaani mpangilio maalumu wa sauti ambao mpigaji hubuni juu yake. Raga huanza polepole bila ngoma: mpigaji huzigusa sauti moja moja, akiteleza kutoka moja hadi nyingine, akikaa katikati yao panapohitajika. Sitar ina nyuzi za kuvutwa, na mwimbaji ana koo. Shehnai ina matundu tu, haina vitufe. Anayetaka kuteleza baina ya sauti mbili lazima afunike nusu ya tundu, au robo, na kurekebisha pumzi na mdomo kwa wakati huo huo, bila kukosea hata kidogo, kwa sababu ala hii ina sauti kali na kila kosa husikika mtaa mzima. Ndiyo maana wajuzi waliiona ni ala ya mlangoni, ya kuwakaribisha wageni na kuchangamsha arusi, isiyofaa kukaliwa chini na kusikilizwa. Bismillah Khan aliifanya iimbe. Alipiga raga ndefu zenye mwanzo wa utulivu, alipiga thumri, nyimbo laini za mapenzi, kama mwimbaji anayetongoa mashairi, na aliziingiza nyimbo za wanakijiji wa Bihar na Varanasi, kajri na chaiti, katika kumbi za wasomi. Mwaka 1937 alipiga katika mkutano mkubwa wa muziki Calcutta, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba shehnai haistahili jukwaa. Baadaye alipiga kwa kujibizana na Vilayat Khan wa sitar na V. G. Jog wa fidla, wakiwa sawa kwa sawa.

Kisha likaja jambo ambalo kila Mhindi wa rika lake alilijua. Agosti 1947 India ilipopata uhuru, aliyepiga kwenye Ngome Nyekundu ya Delhi alikuwa yeye. Januari 26, 1950, nchi ilipokuwa jamhuri, alipiga tena hapo, raga Kafi. Hebu fikiria, taifa zima limekusanyika kusherehekea, na ala iliyochaguliwa ni ile ya arusini. Nadhani walichagua vyema kuliko walivyojua.

Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shia, mcha Mungu, mwenye kuswali. Kila mwaka ukiingia Mfunguo Nne aliweka shehnai ya furaha kando, na siku ya nane ya mwezi alitembea katika mitaa ya Varanasi akipiga maombolezo ya Karbala huku machozi yakimtoka. Siku hiyo hapakuwa na raga. Wanaoyajua majlisi ya Mashia wa Mombasa na Unguja wataelewa uzito wake. Mtu huyo huyo alipiga shehnai mahekaluni na alimheshimu Saraswati, ambaye kwa Wahindu ndiye mlezi wa elimu na muziki. Miaka hiyo Wahindu na Waislamu wa India waliuana zaidi ya mara moja, nchi ikagawanywa kwa damu, na yeye akabaki pale pale kando ya mto. Inasimuliwa kwamba aliombwa ahamie Marekani, akaahidiwa kujengewa mtaa unaofanana na Varanasi, naye akauliza Ganga wangeitoa wapi.

Serikali ilimpandisha ngazi kwa ngazi: Padma Shri 1961, Padma Bhushan 1968, Padma Vibhushan 1980, na Bharat Ratna 2001 akiwa anakaribia miaka 85. Wanamuziki wa kale waliomtangulia kwa nishani hiyo walikuwa wawili tu, mwimbaji M. S. Subbulakshmi mwaka 1998 na Ravi Shankar wa sitar mwaka 1999.

Mwaka huo wa 2001 alitunukiwa pamoja na Lata Mangeshkar, na najua wasomaji wenzangu wa pwani wataniuliza kwa nini simchagui Lata. Sauti yake ilitulea. Filamu za Kihindi zilijaza sinema za Mombasa na Unguja, na tuni zake zikaingia katika taarab mpaka Juma Bhalo akajulikana kwazo. Nampenda Lata kwa moyo wote. Lakini kuimba katika filamu kulikuwa na heshima na soko tayari, naye akawa bora kuliko wote waliokuwemo. Bismillah Khan alianza na ala isiyokuwa na nafasi, na wapigaji wote waliomfuata wakapata mahali pa kukaa.

Wapo watakaosema nishani haikumlisha, na ni kweli. Alikuwa na ukoo mkubwa uliomtegemea, pesa zilimtatiza hadi uzeeni, na alizunguka Varanasi kwa rikisho la baiskeli kama jirani yeyote. Alitamani kupiga India Gate, Delhi, mbele ya mnara wa askari waliokufa, na hakujaaliwa. Haya yananiuma. Nchi inayomwita mtu johari yake ingeweza pia kumlipia dawa na kodi bila kungoja aombe, na serikali zetu za Afrika Mashariki, zinazowakumbuka wasanii siku ya mazishi, hazina la kujivunia hapa. Hata hivyo sikubali kwamba nishani ilikuwa bure. Alipofariki Agosti 21, 2006, akiwa na miaka 90, India ilitangaza siku ya maombolezo ya taifa, jeshi likampigia mizinga 21, akazikwa Varanasi chini ya mwarobaini pamoja na shehnai yake. Hayo alifanyiwa mpiga zumari. Mtoto wa mpiga zumari yeyote India aliyaona kwenye televisheni.

Mkiniruhusu kura ya pili, naipeleka kwa Dhondo Keshav Karve, ambaye jina lake halijulikani sana huku. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Pune. Zama zake mjane wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la juu la Wahindu, hata akiwa msichana mdogo, alinyolewa nywele, akavuliwa mapambo, na hakuruhusiwa kuolewa tena. Karve, baada ya kufiwa na mkewe, alioa mjane mwaka 1893, na watu wa kijiji chake wakamtenga. Mwaka 1896 akafungua makao ya wajane nje ya Pune, na 1916 akaanzisha chuo kikuu cha wanawake. Bharat Ratna aliipata 1958, mwaka aliotimiza miaka 100, na alifariki 1962.

Mwishoni mwa 1930, akiwa na miaka 72, alipanda meli kuja Afrika kueneza habari za chuo chake, katika safari iliyochukua zaidi ya mwaka. Alifika Mombasa, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kabla ya kuelekea kusini. Kama yupo msomaji ambaye babu au bibi yake alimsikiliza mzee huyo akihutubia, naomba Mhariri ampe ukurasa mzima.