Nusu Fainali Mbili Juu ya Barafu Moja: Kwa Wanaoanza Kazi Uwanjani

Ukipangiwa kazi ya kutunza barafu kwenye Frozen Four, hatua ya mwisho ya ubingwa wa hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani, soma ratiba kwanza. Timu 16 huingia kwenye mtoano mwezi Machi, na nne zinazobaki hukutana Aprili. Nusu fainali zote mbili huchezwa Alhamisi, fainali Jumamosi. Siku ya kuihofia ni Alhamisi.

Barafu yenyewe ina unene wa sentimita 3 hivi tu, juu ya zege lililopitishiwa mabomba ya kupozea. Uso wake uwe kwenye nyuzi -4 au -5 za Selsiasi. Maelfu ya watazamaji huingia na joto na unyevunyevu wao, kwa hiyo ongeza ubaridi saa kadhaa kabla milango haijafunguliwa. Zege hupoa polepole. Ukingoja hadi uone barafu imelainika, mechi itaisha kabla hujairekebisha. Na mlango wa kupitishia mashine ya kusawazisha barafu usiachwe wazi hata kidogo.

Mashine hukwangua uso kwa wembe, kisha hutandaza maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Maji hayo huyeyusha uso kidogo, huingia kwenye mikwaruzo na kushikamana na barafu ya chini. Ya baridi huganda juujuu, kisha hubanduka. Kosa la wageni wengi ni kumwaga maji mengi wakidhani ndiyo usafi. Kipindi kikianza kabla hayajaganda, paki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa) hunata na pasi hufa njiani. Tandaza kidogo, na kila mzunguko ufunike kidogo ukingo wa ule uliotangulia.

Kwenye magoli kuwa makini zaidi. Kila goli hushikiliwa na vigingi viwili vilivyochomekwa kwenye matundu ya barafu. Theluji, yaani unga wa barafu iliyokwanguliwa, ikibaki ndani ya tundu, kigingi hakizami vizuri. Mchezaji akigusa mlingoti, goli linang'oka na mwamuzi anapuliza filimbi, pengine shambulizi likiwa limeiva. Safisha matundu kila mapumziko. Mbele ya goli makipa huchimba mitaro kwa viatu vyao. Shimo lijaze theluji na maji kidogo, shindilia, kisha ligandishe kwa kizima moto cha gesi ya kaboni dayoksaidi.

Mechi za ubingwa hazina penalti za kuamua mshindi. Sare huendelea kwa muda wa nyongeza hadi bao lipatikane. Fainali ya 1984 kule Lake Placid, Bowling Green iliifunga Minnesota Duluth 5-4 katika nyongeza ya nne. Ya 2023 mjini Tampa, Quinnipiac iliimaliza Minnesota sekunde 10 tu baada ya nyongeza kuanza. Hakuna wa kukuambia utapata ipi, basi tangi liwe limejaa maji ya moto kabla kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, hakijaisha, hata kama matokeo yanasomeka 4-1.