Maswali ya Wasomaji: Gari la Umeme Litachajiwa Wapi Kati ya Moshi na Arusha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Pasua, Moshi, na siku tatu kwa wiki hufanya kazi Njiro, Arusha. Gharama za petroli zimenichosha, na nimeona Nissan Leaf iliyotumika inayouzwa Japani kwa bei ninayoimudu. Betri yake ni ya uniti 24, na muuzaji anasema bado ina nguvu. Je, niagize sasa, au nisubiri vituo vya kuchajia vienee barabarani kama vilivyoenea vya petroli? Na kwa nini vinakawia? — Msomaji wa Pasua

JIBU: Ndugu yangu wa Pasua, kabla ya vituo tuiangalie barabara yako. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takribani kilomita 80, na gari kama Leaf hutumia uniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100. Ni uniti zile zile unazonunua kwa LUKU. Kwenye tambarare ungetumia kama 13. Lakini asubuhi unapanda: Arusha iko juu ya Moshi kwa mita zipatazo 500, na kulipandisha gari la tani moja na nusu kimo hicho hula takribani uniti mbili za ziada. Jioni, ukiteremka, mota hugeuka jenereta na kukurudishia sehemu ya umeme huo.

Sasa mwombe muuzaji picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Cha kwanza huzimika betri ikishapoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake. Vikibaki 9, imebaki na asilimia 70 hivi, yaani uniti 16 au 17 kwa hesabu ya karatasi, na gari halitakuruhusu kuzitumia zote. Ukiwa na gari hilo utafika Usa River, kabla ya Arusha, jasho likikutoka. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji, hivyo joto huichakaza mapema. Ningekushauri uongeze fedha utafute toleo la betri ya uniti 40, lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2017.

Ukilipata hilo, huhitaji kituo njiani. Gari lako litalala Pasua usiku kucha na kusimama Njiro kwa muda wa saa nane, na soketi ya kawaida, hata ukiichukulia ampea 10 tu, hutoa zaidi ya uniti 18 katika saa hizo. Zungumza na mwajiri wako mkubaliane namna ya kulipia umeme huo. Nyumbani, kama uko kwenye daraja la bei nafuu la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, usitarajie kubaki humo.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Katika nyumba moja ya wageni hapa Moshi nimeona gari likichajiwa kwa ekstensheni ambayo waya wake ulikuwa bado umeviringishwa. Baada ya saa mbili plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa, na mlinzi alidhani harufu ile ni ya takataka zinazochomwa kwa jirani. Fundi akupitishie waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu, wenye breka yake na waya wa ardhi, na asome kibandiko cha chaja iliyokuja na gari, kwa sababu Japani hutumia volti 100 na 200 ilhali sisi tunatumia 230.

Kuhusu vituo vya umma, swali ninaloliona zito kuliko idadi yake ni hili: vitakapofika, plagi yake itaingia kwenye gari lako? Kwa kuchaji haraka, Leaf hutumia mfumo wa Kijapani uitwao CHAdeMO, jina lililotoholewa kwa utani kutoka kwenye maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai. Ulaya imechagua CCS2, Uchina ina GB/T yake, na magari mapya ya Kichina yanayoingia Afrika Mashariki huja mengine na hii, mengine na ile. Mwekezaji atafunga plagi ya magari anayoyaona yakiongezeka, na sidhani kama atawafikiria kwanza wenye Leaf.

Vinakawia kwa sababu mwenye gari anamngoja mwenye kituo, na mwenye kituo anamngoja mwenye gari. Chaja moja ya kilowati 50 ikifanya kazi ni sawa na pasi 50 za kilowati moja zilizowashwa kwa mpigo. Inataka umeme wa fezi tatu, na mara nyingi transfoma yake. Pampu ya petroli humaliza gari kwa dakika tano, chaja hiyo huchukua nusu saa au zaidi, na ikipata wateja wawili kwa siku hailipi hata riba ya mkopo. Kenya ilitenga bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023, na Rwanda ilitangulia. Hatua kama hiyo hapa ingemshawishi mwekezaji kuliko hotuba.

Hata kwa waliotutangulia, ingawa dunia ilivuka chaja za umma milioni 5 mwaka 2024, kilio kikubwa ni vituo vibovu. Uingereza imelazimika kuweka kanuni inayotaka chaja za haraka ziwe zinafanya kazi kwa asilimia 99 ya muda.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Usa River yenye vyumba kumi. Watalii wawili wameniuliza kama nina chaja. Je, nifunge ile ya haraka? — Mama wa Usa River

JIBU: Hapana, mama. Mgeni wako analala, na gari lake linalala naye. Funga chaja mbili za kilowati 7 zenye plagi ya Type 2, ile ya Ulaya ya kuchaji polepole. Kila moja, katika saa kumi za usiku, inaweza kutoa uniti 70, ambazo zinatosha magari mengi. Ziwekee mita yake, na bei ya uniti iandikwe ukutani ili mgeni aijue kabla hajachomeka. Nunua zile ambazo waya wake huchomolewa, na asubuhi mlinzi aufungie stoo: ndani yake mna shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi imetoka wapi.