Jibu: Kwa nini Rubio alikaa angani zaidi ya mwaka?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Frank Rubio, mwanaanga wa Marekani, alikaa siku 371 angani wakati zamu ya kawaida kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga ni miezi 6 hivi. Chombo cha Kirusi alichoendea yeye na Warusi wawili, Soyuz MS-22, kilianza kuvuja kimiminika cha kupoozea mitambo Desemba 2022, na bila hicho joto ndani lingeweza kuwazidi wakati wa kurudi. Februari 2023 Warusi wakapeleka chombo kingine, MS-23, bila mtu, ili kije kuwarudisha. Hapo ndipo penye uzito: chombo hicho ndicho kilichopangwa kuwaleta wenzao wa kupokea zamu! Ikabidi Rubio na wenzake hao, Prokopyev na Petelin, wasubiri MS-24 ilete wapokea zamu Septemba, ndipo warudi na MS-23. Rubio ana watoto wanne; namwonea huruma kweli.