Kadi mpya ya picha, gemu bado ni zito: anza hapa

Salama mkuu. Umesema umeweka kadi mpya ya picha lakini gemu halivuki fremu (picha) 70 kwa sekunde, na kwa kuwa prosesa inasoma asilimia 35 tu, unaona haina kosa. Hapo ndipo namba inapokudanganya. Hiyo 35 ni wastani wa kori zote, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa. Fungua Task Manager ya Windows, bofya kulia kwenye grafu ya CPU (ndiyo prosesa), iweke ionyeshe kila kori peke yake. Mara nyingi utakuta moja imegota 100 huku wenzake wanapiga soga.

Kisha, kwenye mipangilio ya gemu, shusha rezolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080 hadi 720, usiguse kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa au RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine (kijiti kimoja cha GB 16 hupitisha data polepole kuliko viwili vya 8), au umesahau kikomo cha fremu kwenye mipangilio.

Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe waya wa skrini nimeuchomeka kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi! Cheka, lakini chungulia nyuma ya mashine kwanza.

Mashine ikianza vizuri halafu ikalegea baada ya dakika 10, shuku joto. Toa vumbi.